Asilimia Kumi na Mbili

Jumatatu, 2 Juni

Daftari hili ni la chama cha wafanyakazi. Tumepewa wajumbe wote sita, na kalamu juu, tukaambiwa tuandike yanayotokea kiwandani kila siku mpaka gunia la mwisho la kahawa litoke getini, ili mwajiri asije akatugeuka na sisi hatuna maandishi. Mjumbe wa walinzi ameshachana kurasa mbili za lake kufungia karanga. Mimi nitaandika. Mwandiko wangu ni mzuri na haujawahi kupata kazi.

Msimu umefunguliwa leo. Mashine yangu ya kukoboa imewaka mara moja bila kubembelezwa. Nina miaka kumi na tisa hapa, fundi mitambo, mjumbe wa daraja la pili. Kiwanda kizima kinaniita Mjumbe. Asiyeniita hivyo ni mmoja, pacha wangu, mchambuzi wa kahawa. Yeye huniita Pacha, nami namwita Pacha, na wageni wakitusikia hudhani tunataniana.

Tuliajiriwa siku moja. Tulipanga foleni getini, yeye mbele mimi nyuma, karani akamwelekeza yeye kulia kwenye meza za kuchambua, mimi kushoto kwenye mashine. Shuleni alikuwa ananishinda hesabu kila muhula, na hakuacha kunikumbusha.

Alhamisi, 5 Juni

Kikao cha kwanza cha nyongeza ya mshahara. Kiwanda kina madaraja sita, na kila daraja lina mjumbe mmoja na kura moja: wasimamizi, mafundi mitambo, madereva, walinzi, wapakiaji, na la sita ni wachambuzi. Wachambuzi ni wanawake watupu, mia moja na arobaini. Mjumbe wao ni Bi Miwani, mama mtu mzima aliyetazama punje za kahawa miaka thelathini mpaka macho yamekuwa kama yanachungulia kupitia maji.

Tulitakiwa kukubaliana kwanza sisi kwa sisi tuombe nini. Bi Miwani akaanza.

"Mimi naomba kila mtu aongezwe kiasi kimoja. Elfu ishirini na mbili, kuanzia mfagiaji mpaka meneja."

Nikamwambia, "Mama, hiyo si haki. Aliyeshika mashine na aliyeshika ungo wapewe sawa? Tuombe asilimia. Asilimia haijui huyu mwanamume huyu mwanamke, inampa kila mtu fungu lake."

"Asilimia ya nini, mwanangu?"

"Ya mshahara wa mtu."

"Ndiyo nauliza. Ya nini?"

Watu wakacheka, nami nikacheka. Nilidhani hajaelewa hesabu. Viwango halisi vya mishahara hapa ni siri ya mtu na kampuni. Unatia saini siku ya kuajiriwa, na ukimwonyesha mwenzako karatasi yako ya mshahara unaweza kufukuzwa. Hata sisi wajumbe tunaonyeshwa asilimia tu. Tulipiga kura. Asilimia imeshinda, tano kwa moja.

Jumatatu, 9 Juni

Baridi. Vumbi la maganda limeziba pua. Hakuna jipya.

Jumapili, 15 Juni

Nimeshinda kwa Pacha. Mama anaishi kwake tangu kiharusi kilipompiga mwaka jana. Mlezi hukaa naye kutwa tukiwa kazini, na mtaalamu wa viungo huja mara mbili kwa wiki kumfundisha kutembea upya. Gharama tunagawana nusu kwa nusu, elfu sabini kila mmoja kwa mwezi. Ndivyo mama alivyotulea. Chungwa likiwa moja alihesabu vipande, na kikizidi kimoja alikula yeye. Mke wangu aliwahi kunishauri niongeze kidogo upande wangu, maana Pacha analea binti peke yake tangu mumewe aondoke. Nilimkatalia. Pacha angeona namdharau.

Leo mama kapiga hatua nne, mkono mmoja kwenye kiti, mwingine kwa Pacha. Maneno mengi yamempotea lakini namba zimebaki. "Nne," akasema, akanitazama kama amenifunga bao. Toka kitandani mpaka mlangoni ni hatua kumi. Tumekubaliana kabla msimu haujaisha atafika mlangoni mwenyewe, akae nje aote jua kama watu.

Alhamisi, 26 Juni

Tumeshinda. Kampuni ilianza na asilimia tano, ikaja saba, ikasuasua kwenye tisa, mimi nimeng'ang'ana kama kupe. Saa kumi jioni meneja ametia saini: asilimia kumi na mbili kwa kila mfanyakazi bila kujali kazi wala jinsia. Maneno hayo ya mwisho niliyadai mimi yaandikwe. Nimeingiza pia kifungu kinachoruhusu kamati yetu ya wajumbe sita kubadili mgawanyo mara moja, kwa kura nne, kabla gunia la mwisho halijatoka. Jumla ya fedha haitabadilika.

Mafundi wamenibeba mabegani mpaka getini. Nilimwona Pacha kwenye kundi la wachambuzi akipiga makofi. Nilimwinulia ngumi kama bondia. Akatikisa kichwa akicheka.

Ijumaa, 27 Juni

Mgongo unauma. Wamenibeba vibaya.

Jumapili, 13 Julai

Mama hatua saba. Saba!

Ila mji huu una masikio. Hata hatujaipokea nyongeza, kila mwenye kuuza kitu ameshaisikia. Mlezi sasa anataka elfu themanini badala ya sitini, anasema unga umepanda na ni kweli. Mtaalamu naye amepandisha toka elfu kumi mpaka kumi na mbili kila anapokuja. Nusu ya kila mtu imefika elfu themanini na nane.

"Si tumeongezwa wote?" nikamwambia Pacha.

Alikuwa anamfunga mama viatu. "Tumeongezwa," akasema.

Jumatatu, 21 Julai

Niseme ukweli, maana daftari halisemi: Pacha amekuwa mchoyo. Wachambuzi huchangishana chai na mkate saa nne, naye amejitoa. Nimepita mezani kwao nikamkuta amebaki anachambua wenzake wakinywa. Nikamtania, "Hela zote unaficha chini ya godoro?"

"Naogopa wezi," akajibu. Vidole havikusimama. Anaokota punje mbovu kwa kasi ambayo macho yangu hayaifuati: nyeusi, iliyovunjika, iliyotobolewa na mdudu. Mashine yangu haiwezi kazi hiyo. Tuliwahi kujaribu kuleta ya kuchambua, ikachanganya nzuri na mbovu, wanunuzi wakarudisha mzigo mzima.

Alhamisi, 31 Julai

Mshahara mpya. Nilikuwa napata laki tatu na themanini, leo nimepokea laki nne, elfu ishirini na tano na mia sita. Nimeihesabu mara tatu, si kwa kukosa imani bali kwa raha. Nimekwenda moja kwa moja dukani kuchukua mabati ya nyumba yangu kwa malipo ya kila mwezi, miezi kumi na minane. Mvua ijayo hatutaamka kusogeza vitanda.

Jumapili, 10 Agosti

Mama hatua tano tu. Pacha anasema mtaalamu alikuwa safarini wiki hii. Nilimuuliza safari gani, akasema hakumuuliza.

Jumanne, 19 Agosti

Mkanda wa mashine umekatika. Saa tatu bure. Mpakiaji mmoja kalala juu ya magunia tukamsahau.

Jumapili, 24 Agosti

Hatua tatu, ya nne akakaa chini. Nilikasirika. Nimesema maneno ambayo sipendi kuyaandika, lakini niliyasema: "Mama, umekuwa mvivu. Sisi tunalipa hela, wewe hutaki kujitahidi."

Mama alijaribu kujibu, mdomo ukahangaika, akakosa neno. Akamtazama Pacha. Pacha akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwache. Amechoka leo." Nikaona naye anamdekeza. Nimeondoka mapema.

Jumamosi, 30 Agosti

Sijaandika tangu Jumapili. Nitaandika kwa mpangilio, nisije nikapotea.

Alhamisi saa nane mchana jirani wa Pacha alikuja mbio getini. Mama ameanguka. Tulikimbia wote wawili, mimi na mafuta ya mashine mikononi, yeye na aproni. Tulimkuta sakafuni kati ya kitanda na mlango, kiti kimelala pembeni. Alikuwa peke yake. Nyonga imevunjika.

Nilimuuliza Pacha mlezi yuko wapi. Nilimuuliza tena tukiwa kwenye gari, na tena pale hospitali, kwenye benchi la nje ya chumba cha picha, mbele za watu, kwa sauti ambayo ndugu hamtolei nduguye. Nilimwita mwizi. Niliandika Julai kwamba ni mchoyo. Juzi nikamwita mwizi wa hela za mama.

Alifungua pochi yake akatoa karatasi ya mshahara ya Julai, imekunjwa mara nne. Akanipa.

"Soma," akasema. "Wanifukuze."

Mshahara wa zamani: laki moja na elfu kumi. Nyongeza, asilimia kumi na mbili: elfu kumi na tatu na mia mbili. Jumla: laki moja, elfu ishirini na tatu na mia mbili.

Nilidhani ni karatasi ya nusu mwezi. Nilimuuliza. Akasema ni ya mwezi.

"Toka lini?"

"Toka tulipoanza, Pacha. Wewe ulianza na ngapi?"

Nilianza na laki na kumi na tano, na siku zile nilijua wachambuzi wanapungukiwa elfu tano kwa sababu hawabebi mizigo. Nikaona ni jambo dogo. Mafundi hupandishwa ngazi kila baada ya miaka mitatu. Nimepanda mara sita. Mezani hakuna ngazi. Bi Miwani kakaa pale miaka thelathini na bado ni mchambuzi, daraja la sita, kwa sababu baada ya mchambuzi hakuna kitu kingine wanachoweza kumwita. Walichopata wao ni vijinyongeza vya asilimia, na hivyo vilipotea baada ya kampuni kuwapunguzia posho ya msimu. Yote hayo yamefanyika nikiwa upande wa pili wa ukuta mmoja.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungenionea huruma," akasema. "Sikutaka kuwa pacha wa kuonewa huruma."

Kisha akanieleza, taratibu kabisa, kama aliyekuwa akinifundisha hesabu zamani. Zamani akitoa elfu sabini alibakiwa na arobaini, za kodi, chakula na shule ya binti. Gharama zilipopanda, akitoa themanini na nane angebakiwa na thelathini na tano. Nyongeza yangu ilimwacha na pungufu kuliko alivyokuwa kabla sijampigania. Julai alitoa yote, akaacha chai, akaacha chakula cha mchana. Agosti kodi na karo alizokopea Julai zikameza yote, hakuweza.

"Nusu yako ilifika kila mwezi. Nikamlipa mlezi nusu siku, asubuhi tu, na mtaalamu siku moja kwa wiki. Nusu yangu haikuwepo. Nilidhani msimu ukiisha nitapata kibarua cha kufua, nirudishe."

"Mama aliachwa na nani mchana?"

"Jirani alikuwa anachungulia."

Nilirudi nyumbani nikamweleza mke wangu. Akasema, "Wifi yangu hali mchana toka Julai. Nilikuwa nampelekea unga, akaniapisha nisikwambie. Nilifikiri utaona mwenyewe."

Jumatatu, 1 Septemba

Jirani ameniambia. Alichungulia karibu saa nane akamkuta mama amesimama, ameshika kiti, anahesabu. Akamwambia mama kaa, mama akakataa kwa mkono. Jirani akaenda kutoa sufuria jikoni, akasikia kishindo.

Alikuwa anafanya mazoezi. Nilimwita mvivu Jumapili, Alhamisi akaamka kufanya mazoezi peke yake.

Jumatano, 3 Septemba

Homa. Madaktari wanasema kifua.

Ijumaa, 5 Septemba

Nimekaa naye. Nilimwomba radhi. Sijui kama alisikia. Alinishika kidole kimoja, cha mwisho, akakishikilia.

Jumatatu, 8 Septemba

Mama amefariki alfajiri. Pacha alikuwa naye. Mimi nilikuwa njiani.

Jumatano, 10 Septemba

Tumemzika. Nilitaka kulipa gharama zote mimi, nikamwambia Pacha aniachie hilo tu. Akauliza ni kiasi gani. Nikamdanganya, nikataja kidogo. Alikwenda mwenyewe kwa seremala na kwa mwenye gari akauliza bei, akauza cherehani yake, akaniletea nusu kamili kwenye bahasha.

"Usinikatalie," akasema. "Ni mama yangu kama alivyo wako."

Niliipokea. Nilijisikia kama mtu anayemvua mwenziwe shati.

Jumapili, 14 Septemba

Bi Miwani alikuja kutoa pole. Alikaa sana, akanywa maji, halafu akasema anataka kukitumia kile kifungu changu. Kamati ikutane kabla gunia la mwisho halijatoka, mgawanyo ubadilishwe: elfu ishirini na mbili kwa kila mtu, kama alivyosema mwanzo. Kura ya kwake anayo. Wapakiaji wamekubali, maana nao asilimia iliwapunja. Walinzi wamepiga hesabu wakakubali. Wasimamizi na madereva hawataki kusikia. Inahitajika kura ya nne.

"Mwanangu, siku ile mlinicheka," akasema. Hakusema kwa ubaya. "Mimi hesabu naijua. Sehemu ya mia ya kitu kidogo ni kidogo zaidi. Nilitaka wewe ndiye useme, wewe wanakusikiliza."

Pacha alikuwa amekaa mlangoni anachambua mchele. Nilisema kwa sauti, ili anisikie vizuri: "Kura yangu mnayo."

Hakuinua kichwa, lakini mikono ilisimama. Ni mara ya kwanza naona mikono yake inasimama.

Jumanne, 16 Septemba

Nimeota mama anahesabu. Alipita kumi.

Ijumaa, 19 Septemba

Meneja kaniita ofisini kunipa pole. Kwenye meza kulikuwa na jedwali la mishahara, amelisahau au hajali tena. Nimesoma namba zikiwa kichwa chini, nimezoea kusoma mita. Yeye alikuwa anapata milioni tatu na laki mbili. Asilimia kumi na mbili kwa kila mfanyakazi, bila kujali kazi: nyongeza yake peke yake ni laki tatu, elfu themanini na nne. Inazidi mshahara wangu wote wa zamani. Ni mshahara wa Pacha mara tatu.

Ndiyo maana siku ile hakusumbuka sana kutia saini. Nilidhani nimemshinda. Ngazi ikirefuka, aliye juu anapanda nayo na aliye chini anazidi kuachwa, na wanawake wetu wote walikuwa wamewekwa chini, kwenye kipande kimoja. Hakuna kifungu hata kimoja kilichosema wanawake walipwe kidogo. Ningekitafuta mkataba mzima nisikipate.

Jumatatu, 22 Septemba

Mafundi wameniita nyuma ya mashine wakati wa mapumziko, thelathini na mmoja wote. Fundi Mkanda ndiye aliyesema. Ni rafiki yangu, ndiye aliyeshika jeneza mbele yangu.

"Mjumbe, msiba wako ni wetu. Na dada yako tunamheshimu. Ila tumesikia unataka kutoa hela zetu."

"Si zetu. Ni za wote."

"Mimi nimeshawalipia watoto shule kwa hizo. Huyu kaoa kwa hizo. Wewe mwenyewe mabati umeyachukua kwa hizo, au si kweli?" Akangoja. "Ukipiga kura hiyo, usirudi huku kama mjumbe. Na sidhani tutaweza kula pamoja."

Hakuna aliyenitukana. Ingekuwa rahisi zaidi wangenitukana.

Jumanne, 23 Septemba

Mawingu ya kwanza. Mke wangu anasema mabati yakirudishwa dukani hatupati hata tulichokwisha kulipa. Alisema hivyo tu, akaendelea kuosha vyombo. Nikamuuliza angekuwa yeye angefanyaje. Akasema, "Mimi sikumwahidi mtu."

Ijumaa, 26 Septemba

Kikao kilifanyika chumba cha kuchambulia kwa sababu ndicho chenye nafasi. Gunia la mwisho lilikuwa tayari limeshonwa, limeegeshwa mlangoni. Wachambuzi walikaa kwenye meza zao, mikono mitupu, kwa kuwa hapakuwa na kahawa tena ya kuchambua. Mafundi walisimama ukutani, mgongoni kwangu. Pacha alikuwa meza ya tatu.

Msimamizi aliongoza. Akasoma pendekezo. Akasema wanaoafiki wanyooshe mkono.

Bi Miwani akanyoosha. Mpakiaji akanyoosha. Mlinzi akanyoosha, akautazama mkono wake mwenyewe kama haamini.

Mimi mkono wangu ulikuwa juu ya meza. Niliutazama. Nilijua nimeahidi, na nilijua nimemwahidi nani, na siku kumi na mbili nzima nilikuwa nimeshajiona nikinyoosha. Nilimsikia Fundi Mkanda akipumua nyuma yangu. Msimamizi akauliza mara ya pili, polepole, akinitazama mimi. Bi Miwani hakunitazama. Huenda hakuona vizuri.

Pacha aliona.

Kura tatu. Msimamizi akasema mgawanyo unabaki kama ulivyo, akashukuru kwa utulivu. Wapakiaji wakainua lile gunia wakatoka nalo.

Mafundi walinipigapiga begani. Mmoja akasema nimeonyesha ukomavu. Wachambuzi walivua aproni wakazikunja, wakatoka bila kelele, kama siku nyingine zote za mwisho wa msimu.

Nimekaa na daftari hili tangu saa kumi na moja nikitafuta sababu ya maana ya kuandika. Nimeandika "umoja wa mafundi" nikafuta. Nimeandika "familia yangu" nikafuta. Nyongeza yangu ya elfu arobaini na tano na mia sita ukitoa elfu ishirini na mbili zinabaki elfu ishirini na tatu na mia sita. Hiyo ndiyo sababu.

Jumatatu, 29 Septemba

Mafundi wa bati wamemaliza. Nyumba inang'aa hadi barabarani.

Jumanne, 30 Septemba

Mvua. Hatukusogeza vitanda. Sikulala.

Jumapili, 5 Oktoba

Nilikwenda kwa Pacha asubuhi. Kitanda cha mama kimetolewa, binti yake amesogeza meza ya kusomea pale. Nguo za watu, si zao, zilikuwa zimeanikwa kamba tatu, na vidole vya Pacha vimekunjamana kwa sabuni.

Alinikaribisha vizuri. Alinipa kiti. Tuliongea habari za mvua.

Halafu nikatoa bahasha nikaiweka mezani. Nikamwambia ndani mna elfu ishirini na tatu na mia sita, na kila mwezi nitamletea hivyo hivyo, maisha yangu yote ya kazi, na asinikatalie kwa sababu hii si huruma, ni haki yake niliyomnyima. Nilikuwa nimejifunza maneno hayo njia nzima.

Alisikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika. Aliichukua bahasha, akaipima mkononi, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Na wale wenzangu mia moja thelathini na tisa, umewapelekea?"

Alinirudishia bahasha mkononi, akanifunga vidole juu yake kimoja kimoja, akarudi kwenye beseni lake.

Nyumbani mke wangu aliiona mfukoni. Akauliza kwa nini nimerudi nazo. Nikamwambia hazikutosha.